Kiziwi si Bubu

Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, iliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa nchini Malawi, mtu asiyesikia ana majina mengi. Wenyeji wasemao Kichewa humwita gonthi. Wanyarwanda humwita igipfamatwi, yaani mwenye masikio yaliyokufa, au ikiragi, asiyeweza kusema. Waswahili wengi nao, pasipo kufikiri, husema bubu.

Jina hilo la bubu lina kosa kubwa. Koo la kiziwi kwa kawaida ni zima. Mtoto hujifunza kusema kwa kuiga anachosikia. Asiposikia, hana cha kuiga. Neno kiziwi lenyewe si tusi: Chama cha Viziwi Tanzania kinalitumia katika jina lake. Linaloumiza ni kumwita hivyo mtoto mkaidi ili kumkemea.

Aidha, si wote wasiosikia wenye hali moja. Aliyezaliwa kiziwi hustahili kulelewa katika lugha ya alama, ambayo ina sarufi yake kamili. Kenya iliiingiza lugha hiyo katika Katiba ya 2010, hata ikaruhusiwa Bungeni. Lakini alama hutofautiana nchi na nchi. Kiziwi aliyetoka Kongo akafika Lilongwe, tuseme katika mtaa wa Area 36, huenda asielewane hata na viziwi wenzake. Na mtoto asiyefundishwa alama zozote hubaki hana lugha kabisa. Hasara hiyo yapita uziwi wenyewe.

Askari aliyepungukiwa na usikivu ukubwani ni habari nyingine. Mlio wa bunduki hupita desibeli 140, nao huua chembechembe za sikio la ndani ambazo hazioti tena. Sauti nyembamba, kama za watoto, ndizo hupotea kwanza. Baba husikia kwamba anaitwa, asitambue maneno. Mkewe hudhani anadharauliwa. Kumpigia kelele hakufai. Heri kumkabili uso kwa uso na kusema taratibu. Katika shabaha, pamba haitoshi. Vyatakiwa vizibo maalumu vya masikio.

Kwa watoto, chanzo mara nyingi ni usaha wa sikio uliopuuzwa, surua au homa ya uti wa mgongo. Mtoto mchanga asiyeshtuka mlango unapobamizwa apelekwe hospitali mapema, wala sikio litokalo usaha lisitiwe mafuta.