Bonge Hakuitika

Tangu utotoni katika kijiji cha Raila, Kibera, nilimwita rafiki yangu Bonge, naye akaitika kwa kicheko. Mwaka jana alipunguzwa tumbo kwa upasuaji. Sasa akipita kichochoroni, watu hunong'ona. Kwetu kunenepa ndiko kunawiri. Kukonda hushukiwa, tangu miaka ya 1980 jirani zetu wa Uganda walipouita UKIMWI "Slim". Nami, mwalimu wa isimu, nilikosa neno. Nikamwita Bonge, kwa mazoea. Hakuitika. Tulipoandaliwa ugali alikula matonge matatu tu. Nikamaliza sahani peke yangu, kwa haya. Ndipo akaniuliza, kwa upole, iwapo nalikumbuka jina lake la ubatizo. Nalikumbuka. Jumamosi nitarudi Raila, nilijaribu.