Taswira ya Mwili na Ulaji wa Vijana

Taswira ya mwili ni namna mtu anavyouona mwili wake na hisia alizo nazo juu yake. Mizani haiamui taswira hiyo: kijana mwenye uzito wa kawaida anaweza kujiona mnene, na mwenye misuli akajiona dhaifu.

Chanzo kimoja kikubwa ni kujilinganisha. Mwaka 1954, mwanasaikolojia Leon Festinger alieleza kuwa pasipokuwa na kipimo dhahiri, watu hujipima kwa wenzao. Kipimo kikibadilika, ulaji nao hubadilika. Katika mkoa wa Nadroga, Fiji, mwili mnene ulithaminiwa na wageni walihimizwa kula washibe. Televisheni ilifika huko mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker aliwahoji wasichana wa shule wiki chache baadaye, na hakupata hata mmoja aliyejitapisha ili apunguze uzito. Aliporudia utafiti mwaka 1998 kwa kundi jingine, waliojitapisha walikuwa asilimia 11.3.

Asiyeridhika na mwili wake mara nyingi huanza kwa kujinyima chakula, na njaa yenyewe huathiri akili. Kati ya 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 wa kiume wenye afya njema kwa miezi sita. Walipoteza takribani robo ya uzito wao, wakawa wenye huzuni na hasira za haraka, na mawazo yao yakatawaliwa na chakula. Walipolishwa tena, baadhi yao walikula kupita kiasi wasiweze kujizuia.

Ndivyo mzunguko unavyojijenga: kijana hujinyima, njaa humshinda, hula kwa pupa, kisha aibu humrudisha kwenye kujinyima au kujitapisha. Kinachoonekana kuwa ukosefu wa nidhamu kwa kiasi kikubwa ni mwili unaodai haki yake. Wenye hulka ya kutaka ukamilifu, wasiojithamini na waliozoea kutaniwa kuhusu umbo lao wamo hatarini zaidi, wanaume kwa wanawake.

Dalili za kuangaliwa ni kukwepa kula na wengine, kwenda chooni mara tu baada ya mlo, na kufanya mazoezi hata mtu akiwa mgonjwa. Matibabu hurudisha kwanza milo ya kawaida kwa saa maalumu, huku ushauri wa kisaikolojia ukimsaidia kijana kuacha kuipima thamani yake kwa umbo. Kujitapisha hupunguza potasiamu mwilini na kunaweza kuvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo uchunguzi wa daktari haupaswi kucheleweshwa.