Herufi Moja Tu

Juzi, baada ya swala ya alasiri, nilifuatana na mpwa wangu hadi duka moja Mwembe Tayari kununua prosesa, ndio ubongo wa kompyuta, apate kuchezea michezo. Fedha zake ni akiba ya vibarua vya mwaka mzima.

Akaitaka Core i3-12100F kwa urahisi wa bei. “Mjomba, hii hii!”

Nikamwambia, soma herufi ya mwisho. F maana yake haina sehemu ya kutolea picha. Bila kadi ya picha, kioo hubaki giza. Na fedha za kadi hana.

Tukachukua Ryzen 5 5600G, ya mwaka 2021, yenye sehemu hiyo ndani yake. Michezo myepesi itakwenda. Kadi baadaye, Inshallah.

Ndugu msomaji, mwenye pupa hadiriki kula tamu.