Pipa la Siki Halimalizwi

Katika vilima vya Rubavu nchini Rwanda, kuanzia ufukwe wa Ziwa Kivu hadi pale ardhi inapopanda kuelekea Busasamana, pombe ya ndizi ina maisha mafupi. Wanyarwanda huiita urwagwa. Majirani zao wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Goma, huijua kwa jina la kasiksi. Ndizi huivishwa shimoni, hukamuliwa kwa nyasi, maji yake hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, na baada ya siku moja hadi tatu kinywaji kiko tayari. Kikikawia kupata wanywaji, huanza kuchoma puani na ulimini, na aliyekipika huhesabu hasara.

Kumbe hapo alipokata tamaa, kazi nyingine ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Siki huzaliwa kwa hatua mbili. Katika hatua ya kwanza, hamira hula sukari ya tunda na kutoa kilevi, kazi ambayo haihitaji hewa. Katika hatua ya pili huingia bakteria wa jamii ya Acetobacter. Hawa huchukua kilevi, wakakiunganisha na oksijeni, na kutoa asidi ya asetiki, maji na joto. Bakteria hao hawana haja ya kununuliwa: wako kwenye maganda ya matunda, na wale nzi wadogo wanaozengea ndizi mbivu huwabeba miguuni. Watengenezaji wa bia, kama kiwanda cha Bralirwa kilichoko mjini Gisenyi tangu miaka ya 1950, hujitahidi mno kuwazuia wao na hewa yao visiifikie bia. Mtengenezaji wa siki huwafungulia mlango.

Ndiyo maana dumu la urwagwa lililojazwa hadi shingoni na kufungwa kizibo huharibika bila kuwa siki nzuri. Chungu chenye mdomo mpana, kilichojazwa nusu na kufunikwa kwa kitambaa, kina bahati njema zaidi.

Siki ya matufaha hupita njia hiyohiyo. (Msomaji wa Unguja au Mombasa asichanganye: hapa halizungumziwi lile tofaa jekundu lenye maji mengi linalouzwa pwani, bali tunda ambalo wengi mjini huliita epo.) Lita moja ya maji ya matufaha kwa kawaida huwa na sukari kati ya gramu 100 na 130. Sukari hiyo hutoa kilevi cha asilimia 6 hadi 7 hivi, na kwa hesabu ya jumla kila asilimia moja ya kilevi huweza kutoa karibu asilimia moja ya asidi. Ukitoa kiasi kinachopotea njiani, inabaki siki ya asilimia 5 au karibu yake, bila kuongeza chochote.

Lakini Busasamana ni nchi ya viazi, karoti, vitunguu na kabichi. Matufaha yatoke wapi? Jibu la karibu liko Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, kwenye milima ya Kigezi yenye mwinuko na baridi inayofanana na ya huku. Huko wakulima wamehimizwa kupanda matufaha yasiyodai baridi kali, hasa Anna, aina iliyozalishwa Israeli, na Dorsett Golden, iliyopatikana katika visiwa vya Bahama. Mtufaha wa Ulaya husubiri majira ya baridi ndipo uchanue. Karibu na ikweta majira hayo hayafiki, kwa hiyo mkulima huunyofoa majani kwa mkono ili mti udhani umepumzika, kisha maua hutoka. Tunda dogo, lililochubuka au lisilo na sura ya kuvutia sokoni, linafaa kabisa kwa siki maadamu halijaoza.

Tuseme sasa pipa la kwanza limekwisha kuiva. Wengi hulimimina lote kwenye chupa, wakaliosha, wakaanza upya. Hapo ndipo wanapopoteza mali yao kubwa, ambayo ni wale bakteria wenyewe. Mji wa Orléans nchini Ufaransa, ambao watengenezaji wake wa siki walikuwa na chama chao tangu 1394, ulifuata desturi nyingine: pipa hulazwa, huachwa na nafasi ya hewa juu, na siki hutolewa sehemu tu, kisha divai mpya huingizwa mahali pake. Kampuni ya Martin Pouret, iliyoanzishwa huko mwaka 1797, bado inatumia njia hiyo.

Kwa kipimo cha nyumbani, chombo cha lita 15 hutolewa lita 5 kwa koki ya chini, na lita 5 za mvinyo mpya wa matufaha humiminwa polepole kupitia mpira unaofika chini. Usimimine kwa juu. Juu ya siki hutanda utando laini kama ngozi ya maziwa, na huo ndio kijiji cha bakteria. Ukizama hukosa hewa, kazi ikasimama. Siki ya zamani iliyobaki nayo ina kazi yake, kwa sababu ukali wake huzuia kuvu na vijidudu vingine kuuwahi mvinyo mpya. Chombo kikilishwa hivyo, hakina sababu ya kusimama mwaka hadi mwaka.

Kuchelewa kukilisha ni kosa baya kuliko linavyoonekana. Kilevi kikiisha kabisa, bakteria wengi wa jamii hii hugeukia asidi yenyewe, wakaivunja kuwa hewa ya ukaa na maji, na siki iliyokuwa kali ikapoa siku hadi siku. Kwa hiyo siki hutolewa kilevi kikiwa kimebaki kidogo sana, na chupa hujazwa hadi shingoni na kufungwa barabara.

Ilikuwa Louis Pasteur, katika miaka ya 1860, aliyeonyesha kwamba utando ule ni uhai. Mkemia Mjerumani Justus von Liebig alishikilia kwamba ni kemia tupu ya kilevi na hewa. Wajerumani wakati huo walikuwa wakitiririsha kilevi juu ya maranda ya mbao yaliyojazwa ndani ya pipa refu, na siki ikapatikana kwa siku chache. Pasteur alisema kwamba maranda hayo yamevikwa bakteria hao hao, na sayansi imempa haki.

Viwanda vya leo vimekwenda mbali zaidi. Kuanzia 1949 Otto Hromatka na Heinrich Ebner wa Austria walieleza namna ya kuwazamisha bakteria ndani ya kilevi huku hewa ikipulizwa bila kukoma, kwenye nyuzi joto 30 hivi. Kila siku moja au mbili sehemu ya siki hutolewa na kilevi kipya kuingia. Ni kanuni ileile ya pipa la Orléans, ila kwa mbio. Udhaifu wake ni umeme: hewa ikikatika hata kwa muda mfupi sana wakati asidi iko juu, bakteria hufa kwa wingi. Kwa kijiji cha mlimani, pipa la polepole lisilodai mashine ndilo la kuchagua, hata kama linachukua wiki kadhaa.

Na Busasamana litachukua muda zaidi. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 mgandamizo wa hewa ni takribani asilimia 80 ya ule wa pwani, hivyo oksijeni ni haba, na usiku ni wa baridi. Chombo kipana, kilichowekwa karibu na jiko lakini si mahali pa moshi, hupunguza tatizo. Kiwe cha kioo, cha udongo uliopakwa vizuri au plastiki ya chakula. Sufuria ya alumini au pipa la chuma huliwa na asidi.

Limebaki suala la kipimo. Marekani hudai siki iwe na angalau gramu 4 za asidi kwa kila mililita 100, na viwango vya Ulaya kwa kawaida hudai 5. Ulimi si kipimo cha kutegemewa, ila maabara ya shule yenye soda kali na dawa ya kubadili rangi inaweza kupima kwa dakika chache. Siki isiyopimwa inafaa kwa kachumbari inayoliwa siku hiyohiyo. Achari ya karoti za Busasamana, itakayokaa kwenye chupa miezi kadhaa kabla ya kuuzwa Gisenyi, lazima itiwe siki iliyopimwa.