Pete ya uchumba kwa mkono unaolima mpunga

Kwa mtu wa Usevya, dhahabu iko karibu lakini sonara yuko mbali. Machimbo ya Ibindi na Singililwa yako upande wa Mpanda, ndani ya mkoa huohuo wa Katavi, na wachimbaji wadogo hutoa dhahabu huko mwaka mzima. Lakini pete zinazofika vijijini Mpimbwe, Usevya ikiwamo, huja na mchuuzi siku ya gulio, zimechomekwa kwenye kipande cha sponji, zote zinang'aa sawasawa, na muuzaji mwenyewe hajui kilichomo ndani yake. Ili kijana apate fundi mwenye mizani na jiwe la kupimia, itambidi apande gari, avuke Hifadhi ya Katavi, apite Sitalike, ndipo afike Mpanda mjini.

Umbali huo ndio wa kufikiriwa kwanza, kabla ya rangi na kabla ya kito. Mwenzake wa Dar es Salaam pete ikimlegea au kito kikitikisika, anairudisha dukani kesho yake. Wa Usevya atasubiri mpunga uuzwe, au apatikane mtu wa kumwagiza, na mara nyingi pete itawekwa kabatini isivaliwe tena. Kwa hiyo ushauri wangu wote unazunguka maswali mawili. Je, hiki ninachonunua kinaweza kupimwa? Na kikiharibika, kuna fundi wa Mpanda anayeweza kukitengeneza?

Kabla ya kuingia kwenye madini, niondoe hofu moja. Vijana wengi wanaamini kwamba pete ndogo ni aibu. Ukweli ni kwamba pete ndiyo mgeni katika shughuli hii. Kwetu uchumba umeshikwa na barua ya posa, na mshenga, na kishika uchumba kinachopokelewa mbele ya wazee, kisha mahari. Kwa ndugu zetu Wasukuma waliohamia bonde la Rukwa na mifugo yao, ng'ombe ndio wanaozungumza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haidai pete, na inasema wazi kuwa ndoa haibatiliki hata mahari isipolipwa. Desturi ya kudai almasi nayo si ya kale. Imekuzwa na matangazo ya kampuni ya De Beers, ambayo kaulimbiu yake ya kwamba almasi ni ya milele iliandikwa Marekani mwaka 1947 na mwandishi wa matangazo aitwaye Frances Gerety. Warumi wa zamani, kwa maelezo ya mwandishi wao Plinio, walimpelekea mchumba pete ya chuma isiyo na kito chochote. Chuma! Na ukanda huu wetu ulijua chuma vizuri: majirani zetu Wafipa walijenga tanuri ndefu za kuyeyushia, ziitwazo malungu, na majembe yao yalisafiri mbali. Basi asikutishe mtu kuhusu ukubwa wa pete. Cha kuogopa ni kudanganywa.

Tuanze na dhahabu. Dhahabu safi huitwa ya karati 24, na ni laini mno. Ukiivaa shambani itapinda kwa wiki chache. Ndiyo maana fundi huichanganya na fedha na shaba. Ya karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu kati ya 24, na ndani ya pete utaona imegongwa 750, yaani sehemu 750 kati ya 1000. Ya karati 14 hugongwa 585, ya karati 9 hugongwa 375. Zile za 21 na 22, zinazogongwa 875 na 916, ndizo zinazopendwa Uarabuni na kwa Wahindi, na zina rangi nzuri ya kuiva, lakini kwa mkono unaoshika jembe ni laini. Mimi kwa mwanamke anayelima ningechagua karati 14 au 18. Hupotezi rangi yoyote ya maana, na unapata ugumu.

Muhuri wa 750 peke yake usikutoshe. Nyundo ya kugongea namba hiyo haihitaji kibali cha mtu, na pete nyingi za shaba zimegongwa hivyo hivyo kisha zikachovywa. Utando wa dhahabu kwenye pete ya kuchovya mara nyingi haufiki hata mikroni 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Msimu mmoja wa kuvuna unatosha kuumaliza. Sumaku nayo haikuokoi: inavuta chuma, lakini shaba haivutwi, kwa hiyo pete kukataa sumaku si ushahidi kuwa ni dhahabu.

Kinachokuokoa ni jiwe jeusi la sonara. Mwombe akupimie mbele yako na umwangalie mikono. Ataikuna pete kwa tupa kidogo upande wa ndani, mahali pasipoonekana, ili apite utando wa juu kama upo. Kisha ataisugua pale alipokuna juu ya lile jiwe mpaka ubaki mstari mwembamba wa rangi ya dhahabu. Juu ya mstari huo atadondosha tindikali ya naitriki. Mstari wa shaba huchemka, hugeuka kijani na kufutika hapo hapo. Mstari wa dhahabu ya karati 18 unabaki ulivyokuwa. Fundi mzuri atachora pembeni mstari mwingine kutoka kipande anachokijua, ili ulinganishe mwenyewe kwa macho yako. Kazi yote haimalizi dakika tano, na fundi anayekasirika ukimwomba aifanye, muage kwa heshima uende kwa mwingine.

Kuna kipimo cha pili, cha maji, kinachofaa kwa pete isiyo na kito, nacho hakiikuni. Dhahabu ni nzito sana kwa umbo lake. Pete ya gramu 3 ya karati 18, ikining'inizwa kwa uzi ndani ya glasi ya maji iliyo juu ya mizani, itaongeza kwenye mizani karibu gramu 0.19. Ya shaba yenye uzito huohuo itaongeza karibu gramu 0.35. Mizani ya sonara inasoma tofauti hiyo bila shida.

Bei nayo isikuchanganye. Tume ya Madini hutoa bei elekezi, na soko la madini lina bei ya siku. Chukua bei ya gramu moja ya dhahabu safi, zidisha kwa uzito wa pete, zidisha kwa karati, gawanya kwa 24. Pete ya gramu 2.5 ya karati 18 ina dhahabu safi gramu 1.875 tu, hiyo ndiyo unayolipia kwa bei ya dhahabu, na kinachobaki ni ujira wa fundi na faida ya duka. Ujira ni haki yake, kwani kazi ni ya kitaalamu, lakini uujue ni kiasi gani. Mwombe autenganishe kwenye risiti.

Hapa nifike kwenye kishawishi kinachowavuta vijana wengi wa huku. Mtu ana rafiki machimboni, anaahidiwa punje kadhaa za dhahabu kwa bei ya chee, akampelekee fundi ayeyushe. Usifanye hivyo. Sheria ya Madini inakataza mtu asiye na leseni kuwa na madini ghafi au kuyauza. Tangu masoko ya madini yaanzishwe mwaka 2019, dhahabu ya mchimbaji mdogo inapaswa kupita huko, ipimwe na kulipiwa tozo. Ukikamatwa njiani na punje mfukoni, kusema ni ya pete ya mchumba hakutakusaidia. Na ukiacha sheria, dhahabu iliyotoka kwenye mwalo, yaani mahali pa kuchenjulia, haijasafishwa: ina fedha ndani yake kwa kiasi usichokijua, na kama ilichomwa haraka huenda bado imebakiza zebaki. Fundi akiiyeyusha dukani pasipo na hewa, mvuke wa zebaki anaupumua yeye na watoto wanaocheza mlangoni. Mwachie sonara atafute dhahabu kwa njia yake halali. Wewe nunua pete.

Zebaki nina neno jingine juu yake, kwa akina dada wanaofanya kazi ya kuchenjua. Zebaki hula dhahabu. Tone dogo likigusa pete, pale lilipogusa panageuka rangi nyeupe ya fedha, na dhahabu hapo hukosa nguvu, ikavunjika. Usijaribu kuirudisha rangi kwa kuiweka motoni nyumbani, kwa sababu utaivuta sumu hiyo kifuani mwako. Pete ivuliwe kabla ya kwenda kwenye mwalo, iachwe nyumbani, siku zote. Dawa za kuondoa madoa zenye klorini nazo huidhoofisha dhahabu, hasa ya karati za chini na mahali ilipolehemiwa, kwa hiyo siku ya kufua nguo nyeupe ivue vilevile.

Sasa kito. Tazama mkono wa mwanamke wa Usevya katika mwaka mmoja. Unapandikiza mpunga kwenye jaruba, umezama matopeni hadi kifundo. Unapalilia, unavuna, unapiga, unapepeta, unatwanga. Pete yenye jiwe lililoinuliwa juu kwa meno manne itanasa kwenye masuke, kwenye gunia, kwenye kitenge cha kubebea mtoto. Kila inaponasa, jino moja linainuka kidogo lisionekane kwa jicho. Tope linaingia chini ya jiwe, linakauka, linalisukuma juu. Siku moja jiwe halipo, na hakuna anayejua limeanguka jaruba gani.

Kama kito kinatakiwa, kizamishwe ndani ya dhahabu na kizungushiwe ukingo wote, usawa na uso wa pete, ili kidole kikipita juu kisikwame popote. Mafundi wanaijua namna hiyo, waombe. Kisha uangalie ugumu. Vumbi la ardhini lina chembe za kwatzi, zenye ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs kinachoishia 10, na pumba za mpunga zimejaa silika. Jiwe lolote lililo laini kuliko hapo litafifia kama kioo cha saa ya mzee.

Ndipo ninapolazimika kusema jambo lisilopendeza kuhusu tanzanaiti. Ni fahari yetu, imeonekana Mererani tu tangu mwaka 1967, na rangi yake haina mfano. Lakini ugumu wake ni kati ya 6 na 7, na hupasuka ikigongwa au ikipata joto na baridi kwa ghafla. Ivaliwe sikioni au shingoni. Kwa kidole kinachofanya kazi, Tanzania inatupa vingine: spineli ya Mahenge yenye ugumu wa 8, na yakuti ya Tunduru yenye ugumu wa 9, ambayo ikiwa ndogo na isiyo na rangi kali haina bei ya kutisha. Almasi ni 10, na Mwadui inazitoa tangu mwaka 1940. Ukimudu kipande kidogo, ni jiwe la kudumu. Kumbuka tu kwamba karati ya vito ni uzito, gramu 0.2, wala haihusiani na karati ya dhahabu. Ile almasi ya waridi ya Mwadui aliyozawadiwa Malkia Elizabeth kabla hajatawazwa, yenye karati 23.6 baada ya kukatwa, iliwekwa kwenye pambo la kifuani, si kwenye pete.

Na usipotaka kito kabisa, utakuwa umechagua vizuri. Pete tupu, iliyo pana milimita 3, yenye mgongo wa mviringo na kingo zilizolainishwa, ndiyo inayodumu kuliko zote huku.

Kwa asiyemudu dhahabu, fedha iliyogongwa 925 ni ya heshima. Inapimika kwa sonara yuleyule, inatengenezeka, na weusi inaoupata husafishwa kwa kitambaa. Ukienda kuoga kwenye chemchemi ya maji moto yenye salfa, ivue, kwani salfa ndiyo inayoitia weusi huo. Fedha ya kweli naipendelea mara mia kuliko shaba iliyochovywa.

Pete za chuma kigumu na za tangsteni, zinazouzwa kwa sifa ya kutochubuka, siziungi mkono. Mkono ukivimba kwa kuumwa na nge, kwa ujauzito au kwa kubanwa na mlango wa gari, pete ya dhahabu au fedha inaweza kukatwa kwa kikatio kidogo, na baadaye fundi anailehemu. Chuma kigumu kinakaidi kikatio hicho. Tangsteni haikatiki, huvunjwa kwa koleo. Pia haziwezi kupanuliwa wala kupunguzwa, na kidole cha miaka 20 si kidole cha miaka 40.

Kipimo cha kidole cha mchumba usikikisie. Zungusha ukanda mwembamba wa karatasi kwenye kidole jioni, baada ya kazi, mkono ukiwa na joto, kisha upime na kifundo chake, kwa sababu pete lazima ipite hapo. Andika urefu kwa milimita. Ukigawanya kwa 3.14 unapata upana wa ndani ambao fundi anauhitaji. Ukanda wa milimita 54 unatoa upana wa karibu 17.2. Kama ni siri, shangazi au wifi yake mwenye kidole sawa na chake anaweza kukuazima pete ya kupimia. Kwa vidole vyenye vifundo vikubwa vya kazi, chukua kipimo cha kifundo, umwombe fundi aongeze vishikizo viwili vidogo kwa ndani ili pete isizunguke.

Mwisho ni karatasi. Risiti ionyeshe uzito, karati, aina ya kito na ujira, na jina la duka. Mpe mshenga nakala pamoja na pete. Kifungu cha 71 cha Sheria ya Ndoa kinaruhusu aliyetoa zawadi kwa sharti la ndoa kuidai mahakamani ndoa isipofungwa, lakini mahakama lazima iridhike kuwa sharti lilikuwapo. Kwa hiyo wazee wa pande zote mbili waulizwe siku ileile kishika uchumba kinapopokelewa kama pete ni ya binti moja kwa moja au inangoja ndoa, na jibu lao liandikwe nyuma ya risiti hiyo.