Upinde wa mtambo

Upinde wa mtambo ni silaha ambayo upinde wake umekingamishwa juu ya ubao wenye kitako na kifyatulio kama vya bunduki. Ulitumika China kabla ya Kristo, na Ulaya katika Zama za Kati.

Kwa upinde wa kawaida, kama ule wa Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania, mwindaji huvuta uzi na kuushikilia huku akilenga. Bega lililoumia halimudu kazi hiyo. Upinde wa mtambo hunasa uzi wenyewe. Nguvu nyingi huhitajika wakati wa kuutega tu.

Njia za kuutega

* Mikono mitupu: mtu hukanyaga kikuku cha mbele na kuvuta uzi. Upinde wa kilo 68 hudai nguvu yote hiyo.
* Kamba yenye kapi mbili: nguvu hupungua hadi karibu nusu, yaani kilo 34, lakini kamba huvutwa umbali maradufu. Mabega yote mawili bado hufanya kazi.
* Winchi: mkono mmoja huzungusha mpini kwa nguvu ya kilo chache. Ni ya polepole, ila ndiyo inayomfaa zaidi mwenye jeraha la bega.

Uzito wa silaha yenyewe pia huchosha bega, hivyo huegemezwa juu ya panda wakati wa kulenga. Usifyatuliwe bila mshale, kwani unaweza kuvunjika.

Nchini Tanzania, uwindaji huhitaji leseni kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.