Maji ya Kisima: Kipimo cha Sukari Kinatuambia Nini?

Vikundi vingi huku Thika na Ruiru vimejichimbia visima. Tunachanga pesa, tunachimba, na maji yakitoka maangavu tunasema, "Haya ni safi." Lakini kwa macho hatuwezi kujua. Siku hizi ploti zimebanana, na mara nyingi choo cha shimo na kisima viko kwenye uwanja mmoja. Uchafu wa choo ukipenya hadi kisimani, maji yanaweza kubaki maangavu vilevile. Tutakuja kushtuka watoto wakianza kuendesha.

Je, maabara hujuaje?

Sote tunajua mala. Bakteria hula sukari ya maziwa, iitwayo laktosi, wakatoa asidi, na maziwa yakaganda. Maabara hutumia tabia kama hiyo. Ndani ya matumbo ya watu na mifugo mna bakteria waitwao kolifomu. Hawa wakila laktosi hutoa asidi pamoja na gesi.

Fundi huwa na vichupa vyenye mchuzi wa laktosi. Ndani ya kila kimoja kuna kichupa kidogo kilichopinduliwa, ambacho Mwingereza Herbert Durham alikieleza mwaka wa 1898. Fundi hutia maji yenu humo, akaviweka kwenye joto kama la mwili, nyuzi 35 hadi 37, kwa saa 24 hadi 48. Mchuzi wa zambarau ukigeuka manjano, asidi imetoka. Povu likinaswa ndani ya kichupa kidogo, gesi imetoka. Kwa kuhesabu vichupa vyenye gesi, hukadiria wingi wa kolifomu.

Lakini kolifomu wengine huishi udongoni tu. Kwa hiyo fundi hurudia kwa nyuzi 44. Wanaotoa gesi hata hapo wengi wao ni wa kinyesi, hasa yule aitwaye E. coli. Shirika la Afya Duniani linasema asipatikane hata mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa.

Mtu atauliza: mbona hawatafuti homa ya matumbo yenyewe? Bakteria wake ni wachache majini na ni kazi kuwapata, tena kwa kawaida hawali laktosi. E. coli ni wengi, na hupita njia ile ile ya kinyesi. Dalili ya mvua ni mawingu.

Kikundi kifanye hivi:

1. Mwoneni afisa wa afya ya umma, awaelekeze maabara na bei.
2. Tumieni chupa ya maabara. Msiisuuze wala kugusa mdomo wake.
3. Iwekeni penye baridi, ifike ndani ya saa 6 ikiwezekana.
4. E. coli akipatikana, chemsheni maji ya kunywa mpaka yatokote, au tieni klorini kwa kipimo kilichoandikwa. Kisha tengenezeni kifuniko na ukingo wa kisima, na choo kipya kichimbwe mbali, upande wa chini.
5. Pimeni tena baada ya mvua nyingi. Majibu mazuri ya leo si ya milele.

Kumbukeni pia kwamba kipimo hiki hakionyeshi floraidi, ambayo ikizidi huharibu meno ya watoto. Hiyo ina kipimo chake, na kuchemsha hakuiondoi.

Basi karatasi ya maabara isilale kwenye faili ya katibu. Isomwe mkutanoni, kila mama na baba wa kikundi asikie.